Mpiga solo kaondoka, bado ni bendi ile ile? Jibu kwa mpiga drams aliyeuliza kuhusu Fleetwood Mac

"Shikamoo mwalimu. Mi ni mpiga drams, tuna bendi ya watu watano hapa Dar, tunapiga pop na rock hotelini wikiendi na kwenye harusi, nyingi ni za kukopi ila tuna nyimbo zetu sita. Mimi na mpiga besi ndo tulianzisha. Mpiga solo wetu, ambae anaimba pia na ndo katunga nne kati ya hizo sita, alikuwa kwenye mahusiano na dada anaeimba, wameachana vibaya na jamaa kaondoka, sasa anasema jina la bendi tusiliguse maana bendi ni yeye. Mpiga besi ananambia tusiogope, Fleetwood Mac walibadilisha watu mpaka basi na wakauza mamilioni. Nikaenda kuwasikiliza nikazidi kuchanganyikiwa, kuna albamu mbili zote zinaitwa Fleetwood Mac, moja ni blues tupu na wanaume watupu, nyingine ndo ina Stevie Nicks, na mi nilidhani yeye ndo mwanzilishi. Hii ni bendi moja kweli au kuna watu walinunua jina? Na sisi tutafute mtu anaefanana na yule jamaa, tubadili jina, au tuvunje tu? Na nikitaka kuwasikiliza vizuri hawa watu nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Naona maswali mawili makubwa yamefungwa pamoja hapo na ndo maana yanakuumiza kichwa. La kwanza ni la muziki, yaani mtu mkubwa akitoka je mlobaki bado ni nyie au mnajidanganya. La pili ni la mali, jina ni la nani. Mpiga besi wako amejibu yote mawili kwa mfano mmoja, na mfano wenyewe ni mzuri kweli ila ameusimulia nusu, ile nusu inayompa moyo. Ngoja nikupe na nusu nyingine.

Kwanza tusafishe. Stevie Nicks hakuanzisha Fleetwood Mac. Alipoingia, mwisho wa 1974 kwenda 1975, bendi ilikuwa na miaka saba na imeshatoa albamu kibao. Hizo mbili ulizokuta zenye jina moja ni albamu tofauti kabisa, ya kwanza ni ya 1968 ya Uingereza, ya pili ni ya 1975 iliyorekodiwa Marekani. Walipowapata watu wapya 1975 wakaamua kuiita albamu kwa jina la bendi tu, kama wanajitambulisha upya. Na hapana, hakuna aliyenunua jina, ila kuna mtu alijaribu kuondoka nalo, nitafika huko maana hicho kipande ndo kinakuhusu wewe kuliko vyote.

Mwanzilishi ni Peter Green, mpiga gitaa wa London aliyekuwa kwenye bendi ya John Mayall. Julai 1967 anatoka kwa Mayall anaanzisha ya kwake akiwa na miaka 20, na angeweza kabisa kuiita Peter Green na nani sijui, maana mashabiki walikuwa wanamfuata yeye. Lakini alichukua jina la mpiga drams, Mick Fleetwood, akachukua na kipande cha jina la mpiga besi, John McVie, akaunganisha. Alafu cheki hapa, McVie alikuwa bado hajaingia! Alikuwa kwa Mayall anakula mshahara wa uhakika na hakutaka kuacha, kwaiyo miezi ya mwanzo besi alipiga mtu mwingine, Bob Brunning, huku jina la McVie likiwa tayari kwenye bango. Alikuja kuingia baadae mwaka huo huo. Kwaiyo tangu siku ya kwanza jina la bendi lilikuwa la drams na besi, watu wawili ambao hawaimbi na kwenye picha wanasimama pembeni. Hapo Green alijua anachofanya au alikuwa anambembeleza rafiki yake tu, vyovyote vile, uamuzi ule ndo uliokuja kuiokoa bendi.

Maana kilichofuata ni balaa. Wakati wa Green walikuwa wakubwa Uingereza, wimbo wao wa Albatross ulifika namba moja kule mwanzoni mwa 1969, lakini mwenyewe akaanza kubadilika, akawa hataki hela, anataka wazigawe, afya ya akili ikaanza kumsumbua, Mei 1970 akatoka. 1971 wako Los Angeles kwenye ziara, Jeremy Spencer, mpiga gitaa wa pili, akasema anaenda dukani mara moja kuangalia vitabu. Hakurudi. Siku kadhaa baadae wakamkuta kwenye kikundi cha dini cha Children of God na akakataa kata kata kutoka huko, ikabidi wampigie simu Green aje kuwamalizia ziara. 1972 wakamfukuza Danny Kirwan, alikuwa anakunywa sana na siku moja kabla ya shoo akavunja gitaa lake huko nyuma ya jukwaa akagoma kupanda. 1973 wakamfukuza Bob Weston kwasababu alikuwa anatembea na mke wa Mick Fleetwood. 1974 mwishoni Bob Welch akachoka akatoka. Hesabu mwenyewe, 1970 hadi 1974, kila mwaka wamepoteza mpiga gitaa mmoja, tena hapo sijamtaja Dave Walker aliyekuja kuimba akakaa chini ya mwaka.

Sasa swali lako, kwa nini haikufa?

Watu wengi husikiliza bendi kupitia mdomo wa muimbaji, na sio kosa, ndo sauti inayotaja maneno. Lakini mwili wa msikilizaji unafuata kitu kingine, unafuata pale drams na besi zinapokutana. Fanya zoezi hili usiku wa leo ukiwa na hedifoni. Weka Albatross ya 1968, haina maneno, sikiliza Fleetwood anavyopiga kwa zile fimbo laini zenye kichwa cha pamba, na besi ya McVie inavyopanda na kushuka bila haraka. Alafu bila kupumzika weka Dreams ya 1977. Hapa kuna na muimbaji, mpiga gitaa mwingine, nchi nyingine, studio nyingine. Besi iko kwenye noti mbili, fa na sol, fa na sol, karibu wimbo mzima, na McVie hata hajaribu kukuonyesha kwamba anajua kupiga, drams zimekaa nyuma kidogo ya pale unapozitegemea, hazikimbii, hazijazi nafasi. Hao ni watu wawili wale wale. Wameshapiga pamoja miaka kumi na wamezoea kuacha nafasi, kwaiyo yeyote anaekuja mbele yao anakuta uwanja uko wazi. Christine McVie, mpiga kinanda wao, mwenyewe aliona huo wimbo unachosha ulipoletwa mara ya kwanza, koodi zile zile zinajirudia, mpaka ulipopangwa vizuri ndo akaelewa. Ukaja kuwa wimbo wao pekee uliofika namba moja Marekani.

Kwaiyo mpiga besi wako ana haki kwenye hili: kama wewe na yeye mmepiga pamoja muda mrefu na mnasikilizana bila kuangaliana, sehemu kubwa ya sauti ya bendi yenu bado iko chumbani. Mashabiki hawataweza kuitaja kwa jina ila wataisikia.

Lakini hiyo ni sababu moja tu, na bendi nyingi zina drams na besi nzuri na zimekufa vizuri tu. Sababu ya pili ni namna walivyokuwa wanapokea watu, na hapa ndo nataka uniskilize sana kwasababu umeniuliza kama mtafute mtu anaefanana na aliyeondoka. Green alipotoka hawakutafuta Green mwingine. Walimuingiza Christine, mke wa John McVie, ambae alikuwa anapiga kinanda na kuimba Chicken Shack, bendi nyingine kabisa. Spencer alipotoka wakamleta Bob Welch, Mmarekani, ambae hakuwa hata mtu wa blues sana, alikuja na nyimbo zake laini zinazoelea. Kila anaeingia anaingia na mzigo wake wa nyimbo na bendi inageuka kidogo kumfuata. Ndo maana ukisikiliza kwa mpangilio wa miaka hakuna siku wameruka kutoka blues kwenda pop, waligeuka polepole, albamu baada ya albamu, mpaka 1975 watu wakadhani ni bendi mpya.

Na kisa cha hao wawili wa 1975 ni hivi. Fleetwood alikuwa anatafuta studio ya kurekodia, akaenda Sound City huko Van Nuys, Los Angeles, fundi wa studio Keith Olsen akitaka kumuonyesha spika zinavyolia akampigia wimbo unaitwa Frozen Love kutoka albamu ya vijana wawili ambayo haikuuza kitu, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks. Fleetwood akapenda gitaa. Wiki chache baadae Welch akatoka, Fleetwood akakumbuka lile gitaa, akamtafuta Buckingham, na jamaa akasema siji peke yangu, tunakuja wote au siji. Hawakufanyiwa usaili wowote, walikutana wakala chakula kwenye mgahawa wa Kimeksiko. Ila kabla ya hapo Fleetwood alimuuliza kwanza Christine, maana alikuwa mwanamke pekee kwenye bendi, je ukiletewa dada mwingine wa kuimba utaelewana nae? Ukisema hapana basi. Wakaelewana. Nimekuwekea hiki kwa makusudi: kabla hujamleta mpiga solo mpya, muulize huyo dada anaeimba. Mara nyingi sisi wapiga vyombo tunakaa wawili watatu tunaamua, muimbaji anaambiwa siku ya mazoezi, alafu tunashangaa kwanini hana furaha.

Hao wawili walipoingia, nyimbo za Rhiannon na Landslide zilikuwa tayari zimeshatungwa. Walikuja nazo mfukoni. Hakuna aliyewaambia waimbe kama Bob Welch. Albamu hiyo ya 1975 ilichukua zaidi ya mwaka kupanda mpaka namba moja Marekani, Septemba 1976, na iliyofuata, Rumours ya Februari 1977, ikakaa namba moja wiki 31 na kwa hesabu inayotajwa siku zote imeuza zaidi ya nakala milioni 40.

Haya, sasa ile nusu ambayo mpiga besi hakukusimulia.

Agosti 1987 Buckingham akatoka, wametoka tu kutoa albamu ya Tango in the Night na ziara imepangwa. Wakamchukua Billy Burnette na Rick Vito. Ona, katoka mmoja wameingia wawili, kwasababu yule mmoja alikuwa anapiga solo, anaimba, na huko studio ndo anapanga nyimbo. Ziara zilienda. Albamu ya 1990 ilifanya vizuri Uingereza, Marekani ikapoa. Alafu Nicks nae akatoka, na 1995 wakatoa albamu inaitwa Time wakiwa na Dave Mason, ambae alikuwa staa tangu enzi za bendi ya Traffic, na Bekka Bramlett, dada mwenye sauti kubwa kwelikweli. Drams zile zile, besi ile ile, Christine yupo, jina lipo. Marekani haikuingia hata kwenye 200 bora! Bendi iliyowahi kukaa namba moja wiki 31. Kwaiyo ile hadithi kwamba "drams na besi zikiwepo mambo yanaenda" ina kikomo, na kikomo chake ni nyimbo. Watu walikuwa wanakuja kwenye shoo kusikia zile za Rumours, zinaimbwa na watu wengine, na nyimbo mpya hazikuwa na nguvu ya kuwasahaulisha. 1975 walibadilika wakiwa hawana cha kulinda, 1995 walikuwa wamebeba kumbukumbu za mamilioni ya watu. Mi naona hiyo ndo tofauti kuliko kitu kingine chochote.

Walirudiana wote watano 1997, na 2018 wakamtoa tena Buckingham kwa ugomvi wa ratiba ya ziara, yeye akaenda mahakamani, wakamalizana nje ya mahakama mwaka huo huo. Na unajua waliweka watu wangapi badala yake? Wawili tena, Mike Campbell kwa gitaa na Neil Finn kwa kuimba. Ziara ilijaza viwanja, ila zile zilikuwa shoo za kukumbushia, hakuna albamu iliyotoka hapo. Christine amefariki Novemba 2022 na hawajapanda jukwaani tena kama Fleetwood Mac.

Kwa hili chukua kitu kimoja cha vitendo: jamaa yenu anapiga solo na anaimba na anatunga. Msitafute mtu mmoja wa kufanya yote matatu, mtakaa mwaka mzima mnatafuta. Tafuteni mpiga solo anaejua kupiga, alafu sauti ya pili na utunzi mgawane nyie mlobaki, au leteni wawili kama hela ya shoo inaruhusu, najua hela ya hoteli ikigawanywa kwa sita inakuwa nauli.

Sasa jina. 1973 baada ya Weston kufukuzwa, ziara ya Marekani ikakatishwa katikati. Meneja wao, Clifford Davis, akaona hasara, akadai jina Fleetwood Mac ni lake, na mwanzoni mwa 1974 akakusanya wanamuziki wengine kabisa akawapeleka Marekani wapige kwa jina hilo. Yaani mtu kalipa tiketi kwenda kuwaona Fleetwood Mac anakuta sura ambazo hajawahi kuziona, watu wakaja juu, mapromota wakadai hela zao. Wale wanamuziki walikuja kusema waliambiwa Fleetwood mwenyewe angejiunga nao, Fleetwood amekataa siku zote. Ikaenda mahakamani, na bendi halisi ikakaa miezi bila kufanya shoo kwasababu kila promota anaogopa, sasa nimlipe nani, yupi wa kweli. Ndo wakahamia Los Angeles moja kwa moja, kesi inasikilizwa, Fleetwood akaanza kuisimamia bendi mwenyewe.

Unaona ilivyo? Bendi ilishapoteza wapiga gitaa wanne na kila mara ikasimama. Kilichokaribia kuiua kabisa ni karatasi. Hakuna aliyekuwa ameandika mapema jina ni la nani.

Kwetu hapa hili tumeliishi kwa namna yetu. Zamani mwenye vyombo ndo alikuwa mwenye bendi, shirika au tajiri ananunua magitaa na spika, wanamuziki ni waajiriwa, wakihama jina linabaki. Ndo maana muimbaji Muhidin Gurumo aliweza kutoka bendi ya Juwata 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, 1985 akaenda Safari Sound, baadae akarudi alipotoka, na kila alipotoka jina likabaki kule kule. Na bendi ile ile ya 1964 ya NUTA, chama cha wafanyakazi, ikabadili jina mara kadhaa, NUTA, Juwata, OTTU, Msondo Ngoma, na wapenzi wakabaki nayo. Kule Nairobi nako, 1978 watu walipojitenga na Simba Wanyika waliita yao Les Wanyika, jina limebeba mkia wa kule walikotoka, kila mtu akaelewa na bendi zote mbili zikala. Kwaiyo kubadili jina sio msiba kama unavyodhani. Nyie hamna mwenye vyombo, kila mtu ana chake, ndo maana mgogoro wenu uko wazi hivo.

Ushauri wangu kwa hali yenu, kwa ninavyoielewa kutoka kwenye maelezo yako tu.

Kusema "bendi ni yeye" hakumpi jina. Mlianzisha nyie wawili, mmepiga nalo, mahoteli yanawajua. Ila na nyie kusema "tulianzisha sisi" hakuwapi jina pia kama hamjalisajili popote, na akiwahi yeye kusajili mtakuwa na kesi ndefu kuliko umri wa bendi. Nyimbo nne hizo ni hadithi nyingine. Hizo ni zake kama mtunzi, hakimiliki haisubiri karatasi, kazi ikishatungwa na kurekodiwa ni ya aliyeitunga. Kama wewe au mpiga besi mlichangia maneno au melodi hapo mna sehemu yenu, ila kupiga drams kwenye wimbo wa mtu peke yake hakukufanyi mtunzi, najua inauma. Kwaiyo mkitaka kuendelea kuzipiga ongeeni nae muandikiane. Akikataa ziacheni, mbaki na mbili zenu na muanze kutunga, na ukweli ni kwamba hilo la kutunga linawahusu hata akikubali, kwasababu ya ile habari ya 1995.

Je mbaki na jina? Mi ningeangalia nani anawaita. Kama kazi nyingi ni harusi na hoteli, meneja wa hoteli anataka watu wanaofika saa moja na vyombo vinavyolia, jina halina uzito huo mnaoupigania, badilini mwendelee na maisha. Kama nyimbo zenu zimeanza kupigwa redioni kwa jina hilo, hapo lina thamani, likalieni vizuri. Kuna na njia ya kati, waliyotumia Queen. Unajua Freddie Mercury ni mzaliwa wa Unguja, na Queen ni kinyume kabisa cha Fleetwood Mac, watu wanne wale wale tangu 1971 mpaka alipofariki 1991. Waliobaki walipotaka kurudi barabarani hawakujifanya hakuna kilichotokea, wakaandika kwenye bango Queen, jumlisha, jina la anaeimba, kwanza Paul Rodgers, alafu Adam Lambert. Anaenunua tiketi anajua anaenda kumuona nani. Mteja akiwapigia simu mwambieni yule jamaa hayupo, kabla hajalipa adivansi, sio aje ashangae ukumbini.

Kuvunja? Ni chaguo halali, siwezi kukudanganya. Kama wewe na mpiga besi mnapiga kwasababu mnapenda kupiga pamoja, anzeni kesho kwa jina lolote. Kama mlikuwa mnamsindikiza yule jamaa na mlikuwa mnajua mnamsindikiza, basi imeisha na hamna ubaya.

Kuna kitu kimoja kwenye swali lako umekipita haraka, huyo dada. Watu wanapenda kusimulia Rumours kama hadithi tamu, John na Christine wanaachana, Lindsey na Stevie wanaachana, ndoa ya Fleetwood inavunjika, na wote wako studio moja huko Sausalito wanatungiana nyimbo. Christine alitunga You Make Loving Fun kuhusu mwanaume mwingine na akamwambia mume wake eti ni kuhusu mbwa, na John McVie akapiga besi kwenye huo wimbo, tena vizuri. Inachekesha ukiwa mbali. Lakini walikuwa wanapita kwenye pombe na unga wa kokeni kwa kiwango ambacho wenyewe wamekuja kukiongelea kwa majuto, na Green na Kirwan waliishia kuugua miaka mingi. Kwaiyo usije ukamwambia huyo dada "tumia maumivu, tunga wimbo". Muulize kama anataka kuendelea kupanda jukwaani wiki hii au anataka mwezi. Kama jamaa anamtishia, anamfuata kwenye shoo au anamtumia meseji za ajabu, hilo sio suala la bendi tena, mpelekeni dawati la jinsia polisi na muende nae, asiende peke yake.

Na mimi kwa hapa nimefika mwisho wa ninachoweza kukusaidia kwa maandishi kwenye hili la jina. Nendeni mkaone wakili, hata mara moja tu, mkiwa na kila kitu mkononi: mikataba ya hoteli imeandikwa jina la nani, akaunti ya benki au namba ya kupokelea hela ni ya nani, kurasa za mitandaoni nani ana nywila, picha na mabango ya zamani yenye tarehe. BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, mnaweza kuuliza jina kama liko wazi, ila muelewe kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili hata kama ofisi ni moja, na inayowalinda zaidi dhidi ya mtu kutumia jina lenu ni hiyo ya pili. Nyimbo mbili zenu zipelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kama kikundi hakijajisajili BASATA, baraza la sanaa, malizeni na hilo. Kabla ya yote hayo tafuteni mtu mzima mmoja ambae yule jamaa anamheshimu, awakalishe. Ugomvi wa bendi nyingi ninaoujua ungeisha kwenye hicho kikao kama kingefanyika mapema, kabla hajaanza kuandika mambo huko mitandaoni.

Kuhusu wapi uanzie kusikiliza, usianze na mkusanyiko wa nyimbo bora, utachanganyikiwa zaidi. Anza na Then Play On ya 1969 umsikie Green akiwa kileleni, alafu Bare Trees ya 1972 ambayo watu wanairuka na wanakosea, hapo unawasikia Kirwan, Welch na Christine wanavuta kila mmoja kwake na bado inashikana. Alafu ile ya 1975 yenye jalada jeupe, alafu Rumours. Ukifika The Chain usifanye kitu kingine, ndo wimbo pekee wa albamu ile unaohesabiwa umetungwa na wote watano, waliunganisha vipande vya kanda vilivyokuwa vimebaki, na kama dakika tatu hivi kila kitu kinanyamaza, alafu besi ya McVie inaingia. Mpigie na mpiga besi wako hicho kipande, alafu mkifika mazoezini mjaribu.